Sikumzaa Huyu

Wiki iliyopita niliwaacha nimeshika kifuniko cha jeneza kwa mikono miwili, na ndani ya jeneza yumo mwanangu Kidoti, macho kodo, ananitazama.

Tangu gazeti litoke watu wananisimamisha njiani. "Mama, alikuwa mzima au maiti?" Haya, ondoeni wasiwasi. Alikuwa mzima. Ila ngojeni niwaambie uzima wenyewe ulikuwaje.

Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka mbio, na hali amelala chali. Na pumzi yake ilinuka matunda yaliyooza. Mzazi wa mtoto mwenye sukari anaijua harufu hiyo. Ukiisikia huulizi swali, unambeba mtoto unakimbia.

Kama hukusoma nyuma, huyu Kidoti ni mwanangu wa pekee, msichana aliyekwisha kuvunja ungo na kumaliza shule, jina lilimkaa kwa ajili ya doa jeusi la kidevuni. Ana ugonjwa wa sukari tangu ana meno ya utoto, na bila sindano ya kila siku hawezi. Siku chache kabla ya haya alizipasua chupa zake za dawa kwenye ngazi ya nyumba, akahamia kwa mtu anayejiita Mzee Kijana, ambaye anafundisha watu kutokufa. Mimi nashona bitana za majeneza kwenye karakana ya kaka yangu. Ndiyo maana mchana ule, vijana wanne waliovaa nyeupe walipoliingiza jeneza tulilowauzia sisi wenyewe, nilidhani wamelileta lishonwe upya.

"Shikamoo, mama," Kidoti akasema kutoka mle ndani.

"Marahaba," nikajibu. Ilinitoka yenyewe. Mtu kakuamkia kutoka kwenye jeneza na wewe unaitika!

Halafu nikapata akili. Nikamshika mkono. "Inuka. Inuka twende hospitali, sasa hivi."

Akashika kingo za jeneza, huku na huku. "Siinuki, mama. Mpaka useme."

"Niseme nini?"

Aliyejibu hakuwa yeye. Alikuwa mwanamke mmoja wa rika langu, amesimama mlangoni, kiunoni kafunga fungu la funguo linalolia kila akisogea. Kule kwa Mzee Kijana wanamwita Dada Funguo. Wale vijana wanne walikuwa wamerudi nje, wamejipanga barazani mgongo kwetu.

"Anayekufa ni yule aliyezaliwa," akasema. Alisema kama anayesoma ubaoni. "Ambaye hakuzaliwa, kifo kitamshikia wapi? Leo ni siku yake ya kukanwa. Mtazame usoni, useme: Sikumzaa huyu. Basi. Tunalifunga tunarudi nalo, linakaa mpaka jua litue, anatoka hana mwanzo. Na asiye na mwanzo hana mwisho."

"Mnalifunga vipi?"

"Kwa skrubu."

Kaka yangu, Fundi Randa, alikuwa pembeni, maranda yamemjaa kwenye nywele. Yeye akiogopa ndipo mzaha unapomtoka. "Basi mimi leo nafunga karakana," akasema. "Watu wakiacha kufa, mimi nitakufa njaa."

Hakucheka mtu. Hata yeye mwenyewe.

"Kidoti, mwanangu. Unaumwa. Unajisikia?"

"Tumbo linauma kidogo. Linatoka hilo. Kufa kunanitoka."

"Nani kakwambia?"

"Mzee Kijana. Mama, kwani wewe hutaki niishi milele?"

"Mimi nataka uishi mpaka jioni!"

Akanyamaza. Nikadhani nimempata. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi ya kunijibu.

"Baba alipokufa," akasema polepole, "ulimshonea bitana mwenyewe. Nilikuwa nimekaa pale kwenye rundo la mbao, nakuona. Ulipima, ukakata, ukashona, kama ya mtu baki. Hata uzi haukukatika. Nikasema moyoni, ipo siku atanishonea na mimi hivi hivi. Mimi sitaki unishonee, mama."

Nilishona mwenyewe kwa sababu sikutaka mkono wa mtu mwingine umpitie mume wangu. Nilitaka kumwambia hivyo.

Akina mama wenzangu, msiseme mwanangu mjinga. Nani hataki? Siku ile nashona bitana ya baba yake, angetokea mtu akaniambia sema uongo huu mmoja na mumeo atainuka, ningeusema mpaka sauti ikauke. Wanatukamatia hapo hapo. Mtu anakuja na ufunguo kwenye mlango ambao wewe mwenyewe umekuwa ukiupiga ngumi.

Nikatazama mkono wake uliokuwa ubavuni. Ulikuwa umefumba kitu. Nikavifumbua vidole kimoja kimoja.

Kabari.

Kipande chembamba cha mbao, kidogo kama kitana. Ni kitu cha karakana yetu. Jeneza likishapakwa vanishi hatulifungi kabisa, tunachomeka kabari chini ya kifuniko ili mbao zisigandane, na hewa ipite vanishi ikauke. Tangu yuko mdogo kazi ya kuchomeka kabari ilikuwa yake. Mjomba wake alikuwa akimwita fundi wa kabari.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nilikuwa nayo mfukoni mwa gauni."

"Uliichomeka kwa ndani walipofunika?"

Akageuza macho.

"Hicho ni nini?" Dada Funguo akauliza. Akanichukulia mkononi akakigeuzageuza.

"Kabari," nikamwambia. "Inaacha hewa iingie. Hili jeneza kaka yangu kalitengeneza, mbao zake zimeumana. Likifungwa bila hiyo halipitishi hewa hata ya kumtosha panya."

Dada Funguo akaacha kukigeuza.

"Waliokanwa hawahitaji pumzi ya waliozaliwa," akasema. Lakini safari hii sauti haikutoka ubaoni. Ilitoka kwa mtu anayejikumbusha.

Nikamwinamia mwanangu. "Haya niambie wewe. Kama hufi, hewa ulikuwa unaitakia nini?"

Kidoti akaitazama ile kabari mkononi mwa Dada Funguo. Akaitazama sana.

"Mazoea tu, mama," akasema.

Kisha akatapika pembeni, maji matupu, akaegemea tena bitana niliyoishona kwa mikono yangu. Macho yakawa yanapinduka.

"Maji!" nikapiga kelele. Kaka akaja na jagi. Nikampelekea mdomoni, akafunga meno.

"Ukishasema."

"Kunywa kwanza."

"Ukishasema, mama."

"Kidoti, unakufa!"

"Basi nisaidie nisife. Maneno mawili."

Nikamtazama kaka yangu. Kaka akanitazama. Kwa nguvu tusingeweza, nje pale walikuwa vijana wanne wa kubeba majeneza kwa bega, na kila mmoja anaamini anamwokoa mwanangu kutoka kwangu. Tukimvuta tu, anapiga kelele, wanaingia, wanamchukua, sitamwona tena.

Kaka akashusha macho mpaka kwenye meza yake ya kazi. Pale palikuwa na bisibisi. Akaigusa kwa kidole kimoja. Halafu akanikonyeza.

Mimi na kaka yangu tumenyonya ziwa moja. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Nikapiga magoti kando ya jeneza. Nikalitazama lile doa la kidevuni, nililolibusu kabla sijambusu kitu kingine chochote siku ile aliyotoka tumboni mwangu.

"Sikumzaa huyu," nikasema.

Wasomaji, nimeshona mengi maishani. Sijawahi kuhisi sindano ikiniingia mwenyewe kama siku ile.

Kidoti akatabasamu. Akalishika jagi kwa mikono miwili akalinywa lote, maji yanamwagika shingoni, akashusha pumzi, akafumba macho.

"Nimesikia," Dada Funguo akasema. "Mimi ni shahidi." Akatoa skrubu kwenye mfuko wa nguo.

"Acha," Fundi Randa akamwambia, kwa sauti ya fundi aliyechokozwa. "Jeneza langu halifungwi na mtu mwingine. Ukipasua ubao hapo nani atalaumiwa? Lete hapa. Na hicho kibao lete, nisichafue vanishi."

Akapokea skrubu na kabari. Akashusha kifuniko juu ya mwanangu, akaichomeka upande wa ukutani ambako hakuna anayeona, akaanza kuzungusha bisibisi. Aliizungusha kwa juhudi, mishipa ya shingo imemtoka, jasho linamdondoka. Skrubu alikuwa kazificha kiganjani. Bisibisi ilikuwa inazunguka hewani.

Mungu anisamehe, nilitaka kucheka.

"Limeshika," akasema. "Sasa nyie vijana, mtalibeba kwa miguu na jua lote hili? Pikapu yangu iko hapo nje. Lipandishwe, nyinyi tangulieni mbele mnifungulie njia, ndivyo jeneza linavyopelekwa kwa heshima. Mimi nafuata polepole."

Vijana wakamtazama Dada Funguo. Dada Funguo alikuwa ameduwaa, anajitazama viganja. Akatikisa kichwa tu, kukubali. "Mimi nitapanda nalo," akasema. "Shahidi haachani na jeneza."

Likapandishwa. Mimi nikarukia nyuma kabla hajanikataza mtu. Vijana wakatangulia mbele ya gari, wawili wawili, wanatembea kwa madaha, watu wa mtaani wanasimama kuheshimu msiba. Kaka nyuma ya usukani anatambaa nao kama jongoo.

Tukafika njia panda. Vijana wakakata kushoto.

Kaka akakata kulia.

Pikapu iliruka matuta mpaka jeneza likahama. Nikalilalia kwa kifua. Dada Funguo akagonga paa la gari kwa ngumi. "Dereva! Wewe! Mnakwenda wapi?"

"Hospitali!" nikampigia kelele.

"Amekanwa huyu! Si wako! Nishusheni!"

"Ruka!"

"Nini?"

"Si hufi wewe? Ruka basi!"

Akatazama barabara inavyokimbia chini yetu, mawe, vumbi, jiwe la kilomita linapita fyuu. Akatazama tena. Kisha akakaa chini taratibu, akashika ubavu wa gari kwa mikono yote miwili.

Sikuwa na nafasi ya kumcheka. Nikakisukuma kando kile kifuniko. Kidoti alikuwa na rangi ya majivu.

"Kidoti!"

"Mmh."

"Nitajie jina la mjomba wako."

"Ran... da."

"Endelea kunijibu. Usilale. Jiko letu liko upande gani?"

"Kiu," akasema. "Kiu, kiu."

Langoni mwa hospitali mlinzi akatoka kibandani, akaona jeneza, akavua kofia. "Poleni sana. Mochwari ni mlango wa nyuma. Zungukeni."

"Fungua!" kaka akamwambia. "Tunakwenda dharura!"

"Mzee wangu, mimi naelewa uchungu. Ila majeneza yanatoka huku, hayaingii huku. Huo ndio utaratibu. Zungukeni nyuma."

"Huyu mzima!"

"Wote wanasema hivyo, mzee wangu. Poleni."

Nikasimama nyuma ya pikapu, nikamwinua mwanangu mabega, akakaa ndani ya jeneza kichwa kimening'inia. Akafumbua jicho moja.

"Maji," Kidoti akamwambia mlinzi.

Sijui lile lango lilifunguka vipi. Najua tu kwamba mlinzi hakuwa tena pale, na kofia yake ilikuwa chini.

Chumba cha dharura alikuwepo daktari, binti mdogo ambaye pengine amemzidi Kidoti kidogo tu. Alinusa ile pumzi kabla hajauliza kitu. Akachoma ncha ya kidole, akatazama kile kipimo chao, akasema, "Hii haisomeki, imezidi. Dripu. Insulini. Upesi!" Muuguzi akaanza kukimbia.

Sindano ilipokaribia, Kidoti akauvuta mkono.

"Sitaki."

"Dada, usipopata hii sasa hivi utapoteza fahamu," daktari akamwambia. "Na baada ya hapo..."

"Mimi sifi. Nimekanwa."

Daktari akageuka. "Nani ndugu wa mgonjwa hapa?"

"Mimi mama yake," nikasema.

"Si mama yake."

Dada Funguo alikuwa kwenye mlango, nyeupe yake yote imekuwa vumbi. "Amemkana. Nimemsikia kwa masikio yangu. Muulize mwenyewe kama nasema uongo."

"Mama?" daktari akaniuliza.

Ningefanyaje? "Nilisema," nikajibu. "Nilisema ili anywe maji."

Daktari akamwinamia Kidoti. "Unajua uko wapi?"

"Hospitali."

"Huyu hapa ni nani yako?"

Kidoti akanitazama. Yale macho nimeyaosha, nimeyapaka wanja, nimeyalilia. Yakanipita kama yanavyopita ukuta.

"Simjui," akasema.

Mikono ya daktari ikashuka. "Mama, mgonjwa ni mtu mzima. Akiwa na akili zake akakataa, mimi siruhusiwi kumchoma kwa nguvu. Akizimia hapo nitamtibu bila kumuuliza mtu. Lakini nisikudanganye. Akishafika kuzimia tunaweza kuwa tumechelewa."

Mnajua nilifanya nini? Niliegemea ukuta wa hospitali nikamwomba Mungu mwanangu azimie. Mimi! Mama mzazi! Azimie, lakini asizimie sana. Azimie kiasi cha kuchomwa sindano na asizimie kiasi cha kufa. Ndiko walikonifikisha watu wa uzima wa milele.

Kaka akamsogelea mpwa wake. Mzaha ulikuwa umemwishia wote. "Mjomba," akamwambia, maana ndivyo wanavyoitana, "mimi milele siiwezi. Magoti haya yenyewe yananiuma tangu mvua zilizopita, nitayabeba mpaka lini? Lakini kesho naihitaji. Kesho nina jeneza la kupaka vanishi na sina mtu wa kabari."

Midomo ya Kidoti ikawa inacheza. Daktari akaegesha sikio.

"Anasemaje?" nikauliza.

Daktari akaniashiria nisogee. Nikasogea. Nikasikia.

"Mama," mwanangu alikuwa anasema, macho yamefumba. "Mama, kiu. Mama, kiu."

"Unamwita nani?" daktari akamuuliza, taratibu.

"Mama."

"Yupo hapa. Nikuchome dawa?"

Siku zote tangu utoto, nikimchoma Kidoti sindano, ana namna yake. Hatazami. Anageuza uso ukutani, ananyoosha mkono kwangu, anahesabu kwa kunong'ona mpaka iishe.

Pale kitandani nikaona kichwa kinageuka. Kikageuka mpaka uso ukatazama ukuta.

Na mkono ukaja kwangu.

"Moja," akanong'ona.

Nilimshika mkono ule mpaka sindano ikaingia, mpaka dripu ikaanza kudondoka. Daktari akatoka akarudi, akapima, akapima tena. Mwisho akashusha mabega. "Bado yuko mbaya," akasema, "lakini amenipa nafasi. Usimwachie huo mkono."

Mzazi unayesoma, mimi sikusoma sana, sina la kukufundisha. Nakuonya tu. Siku mwanao atakapoanza kukwambia kwamba kutumia dawa ni kukiita kifo, usibishane naye kesho. Bishana naye leo. Na mtu akikwambia mtoto wako ataishi milele, kwa sharti tu uache kuwa mzazi wake, mfukuze kwa ufagio.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye shuka la Kidoti niliposikia funguo zikilia.

Dada Funguo alikuwa ameteleza ukutani mpaka chini. Amekaa sakafuni, miguu kainyoosha kama mtoto, na mkononi ana ile kabari. Aliiokota wakati tunamtoa Kidoti kwenye jeneza.

"Mama Kidoti," akaniita. Ndiyo mara ya kwanza aliniita hivyo. "Ulisema hii inaingiza hewa?"

"Ndiyo."

"Na jeneza lisilokuwa nayo?"

Nikamtazama. Kaka yangu naye akageuka kutoka dirishani.

"Lisilokuwa nayo halipitishi," nikasema. "Kwa nini?"

Akaanza kutikisika, funguo zote zikawa zinalia kiunoni. "Leo hakuwa Kidoti peke yake. Tulianza na wengine. Kabla hatujaja kwenu tulikwisha kuwakana wengine, tukawafunga, tukawafungia chumbani. Skrubu nilikaza mimi. Mwanangu wa kiume alikuwa wa kwanza." Akaziba mdomo kwa kiganja, maneno yakapita katikati ya vidole. "Nilimwambia sikumzaa. Akaniambia asante, mama. Akalala. Nikakaza."

"Wale vijana wanne wanajua?" kaka akauliza.

"Wanasubiri jua litue. Chumba kimefungwa, funguo ninazo mimi."

Nje ya dirisha jua lilikuwa bado juu, linachoma.

Kaka yangu alikuwa tayari ameshika bisibisi. Alikuwa nayo mfukoni muda wote. "Majeneza mangapi?" akamuuliza. "Dada! Nakuuliza, ni mangapi?"

Dada Funguo akainua mkono akaanza kuhesabu kwa vidole, anataja nani na nani, mtoto wa nani. Mkono mmoja ukaisha.

Akainua wa pili.